Nyumba ni Yenu, Je, Kiwanja ni cha Nani?



Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, tunasoma habari za Abrahamu alipofiwa na mkewe Sara. Alihitaji mahali pa kumzika. Wenyeji wa Hebroni walimwambia achukue bure, lakini yeye alikataa. Aliomba atajiwe bei, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote langoni pa mji, na shamba lile likatajwa pamoja na miti yake na mipaka yake. Baba huyo wa imani alimtumaini Mungu kwa yote, lakini katika jambo la ardhi hakuridhika na maneno matupu. Tena alifanya hivyo kwa ajili ya mkewe.

Hapa kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, jamaa nyingi huweka akiba miaka na miaka, kisha hununua nyumba bila kuuliza udongo ulio chini yake ni wa nani. Tuyatazame mambo matatu mnayoweza kukutana nayo.

1. Nyumba bila ardhi

Hii ni desturi ya zamani ya Pwani. Mwenye kiwanja ni mmoja, mwenye nyumba ni mwingine, na hata minazi yaweza kuwa ya mtu wa tatu. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Ukinunua nyumba ya namna hii, umenunua kuta, paa na ruhusa ya kukaa, ardhi hukuinunua. Mara nyingi ruhusa hiyo ilitolewa kwa mdomo, kwa nyumba ya udongo na makuti. Mtu akiibomoa na kujenga ya mawe bila idhini iliyoandikwa, anamwaga jasho lake juu ya mali ya mwenzake. Siku mwenye kiwanja akifa au akiuza, warithi au mnunuzi mpya huenda wasitambue mapatano yale.

Basi mwandikiane na mwenye kiwanja mwenyewe: kodi ni kiasi gani, mnaruhusiwa kujenga nini, na mkitakiwa kuondoka mtalipwa nini. Tunzeni kila risiti.

2. Ardhi ya lizi

Hapa ardhi imekodishwa kwa miaka maalumu, kama vile 99 au 50. Mwenye hati ni mwenye ardhi kwa muda huo tu. Kwa hiyo swali la kwanza si bei, bali ni miaka mingapi imebaki. Ikiwa lizi ya miaka 99 ilianza mwaka 1950, itakwisha mwaka 2049. Mtoto anayebatizwa leo atakuwa kijana tu.

Kwa ardhi ya umma, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humpa raia wa Kenya aliye na lizi nafasi ya kwanza ya kupewa tena muda ukiisha, iwapo ardhi haihitajiki kwa kazi ya umma. Lakini hilo ni jambo la kuombwa mapema, si la kungojewa. Angalieni pia madeni. Kuna kodi ya ardhi ya kila mwaka inayolipwa kwa aliyekodisha, na kuna reti za kaunti. Msinunue kabla ya kuona vyeti vinavyoonyesha kwamba hakuna deni.

3. Fleti

Siku hizi maghorofa yanaota kila upande. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu sehemu za majengo huruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Jengo likiwa juu ya ardhi ya lizi, lazima miaka isiyopungua 21 iwe imebaki ndipo hati hizo zitolewe. Ngazi, paa, tangi la maji na uwanja ni mali ya wote, na husimamiwa na shirika la wenye fleti. Ulizeni: shirika hilo lipo? Ada ya kila mwezi ni kiasi gani, na nani huonyesha hesabu? Muuzaji akijibu kwamba hati "itakuja baadaye", nanyi malipo yasubiri wakili ayapitie maandishi.

Jina la nani liandikwe?

Tuseme baba fulani anayefanya kazi bandarini amenunua nyumba bila mkewe kujua, akitaka kumfurahisha siku ya kuhamia. Kabla ya siku hiyo, Mungu anamwita. Mjane hajui karatasi ziko wapi, wala kodi ya kiwanja ilikuwa ikilipwa kwa nani. Mauti huja bila hodi, na siri hata ikiwa ya upendo humwacha mwenzako mikono mitupu.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili. Nyumba ya familia iliyo ya kukodi nayo imo katika ulinzi huo. Sheria hiyo pia inahesabu kupika, kulea watoto na kutunza nyumba kuwa mchango. Mama asiye na mshahara asiambiwe kwamba hakuleta kitu.

Majina yote mawili yakiandikwa kwa umiliki wa pamoja, mmoja akifariki nyumba hubaki kwa aliye hai. Yakiandikwa kwa mafungu, fungu la marehemu huingia katika urithi. Mwelezeni wakili mnataka lipi.

Mambo ya kufanya kabla ya kutoa pesa

- Nendeni wote wawili mkakione kiwanja na kuzungumza na majirani.
- Fanyeni sachi katika ofisi ya ardhi ili mjue mwenye hati, miaka iliyobaki, na kama kuna rehani au zuio.
- Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya shahidi. Mkataba wa kuuziana ardhi kwa mdomo hauna nguvu mahakamani.
- Tafuteni wakili wenu wenyewe, msitumie yule wa muuzaji.
- Wekeni akiba ya ushuru wa stampu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani.
- Nakala za karatasi zikae mahali ambapo wote wawili mnapajua.

Siku ya ndoa mliahidiana mbele ya altare kuwa mwili mmoja. Ahadi hiyo haikomi mlangoni pa ofisi ya ardhi. Mume anayemwonyesha mkewe hati, na mke anayemwonyesha mumewe akiba ya chama, wanaiishi sakramenti yao.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, kila mmoja wetu anajua karatasi za nyumba au kiwanja ziko wapi?
2. Ardhi tunayoishi ni ya nani, na kwa miaka mingapi?
3. Mmoja wetu akiitwa na Mungu leo, aliyebaki atalala wapi pamoja na watoto?

Kaeni nayo jioni moja baada ya Rozari. Mungu azibariki nyumba zenu.