KISIGINO KINACHOUMA ASUBUHI

Kuna ugonjwa usioua mutu, lakini unaweza kumufungia nyumbani, na pengine kuharibu mapatano ya majirani. Ni maumivu ya chini ya kisigino.

Mama mumoja wa upande wa Kalunguta alikuja kwetu akichechemea. Alisema: «Munganga, kila asubuhi nikitoka kitandani na kukanyaga kizingiti cha mulango, musumari unanichoma katika kisigino. Nikifika kwenye maji, maumivu yamepunguka. Jioni yanarudi. Sasa ni miezi mitano.» Tena alishusha sauti. Alijua sababu, alisema. Alikuwa na maneno na jirani yake juu ya mupaka wa shamba, na yule jirani amezika kitu chini ya mulango. Kaka zake walikuwa wamekwisha kuchimba kizingiti, wakaona mufupa wa kuku. Mufupa wa kuku! Ni nyumba gani katika inchi yetu isiyo na mufupa wa kuku katika udongo wake? Lakini jina la yule jirani lilikuwa limekwisha kutajwa katika kijiji kuwa mulozi, na ninyi munajua vema neno kama hilo linafika wapi.

Sikubishana naye. Nilimwambia akae juu ya benchi angoje. Alikaa karibu saa nzima, nikitazama wagonjwa wengine. Halafu nikamwita. Aliposimama na kukanyaga mara ya kwanza, akalia kwa maumivu, akashika ukuta. Nikamuuliza: «Mama, na hapa ni mulango wa nani?» Akanyamaza. Nikabonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, pale kinapokutana na upinde wa wayo, na mara moja akavuta muguu wake. Pale ndipo ugonjwa ulipokuwa.

Sasa tazameni muguu wenu. Chini ya wayo, ndani ya nyama, kuna ukanda mugumu. Unashikamana na mufupa wa kisigino, unaenda mpaka kwenye vidole. Wayo ni kama upinde, na ukanda huu ni kama kamba yake. Bila kamba upinde unalala chini. Kila hatua inauvuta. Mutu akiuvuta kupita nguvu yake siku nyingi, unaharibika kidogo kidogo pale unaposhikamana na kisigino, na haupati nafasi ya kupona.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu mutu akilala, vidole vyake vinaelekea chini, na ukanda unapumzika ukiwa mufupi. Hatua ya kwanza inaunyosha kwa gafula. Akitembea kidogo unalegea. Ni vile vile kwa mutu aliyekaa muda murefu kwenye mukutano, au juu ya pikipiki kutoka Beni mpaka Butembo. Kizingiti hakina neno. Kilikuwa tu pahali pa hatua za kwanza.

Ugonjwa huu unashika watu wengi, karibu mumoja katika 10 wakati fulani wa maisha yake, na zaidi wale wa miaka 40 mpaka 60. Kwetu ninauona sana kwa wamama wanaobeba mihogo na kuni mugongoni, kamba kwenye paji la uso, wakipanda na kushuka milima, na viatu vyao ni sandali za mupira zilizokwisha kuwa nyembamba kama karatasi. Waalimu wanaosimama siku nzima juu ya sima wanaupata pia, na watu walioongezeka uzito, na wale waliokimbia vita wakatembea siku nyingi bila kuzoea. Wababa wanaosema wake zao ni wavivu, wabebe muzigo ule siku moja tu.

Wengine wanapigwa picha ya mifupa, wanaambiwa: «Kuna mwiba wa mufupa katika kisigino chako.» Wanaogopa, wanatafuta feza za kupasuliwa. Lakini watu wengi wana mwiba ule na hawaumwi hata kidogo. Musipasuliwe kwa sababu ya picha tu.

Dawa yake ni hii, na haiuzwi. Asubuhi, mbele ya kushuka kitandani, weka muguu unaouma juu ya goti la pili. Shika vidole kwa mukono, uvivute kuelekea ugokoni mpaka ukanda ukaze chini ya wayo. Hesabu mpaka 10, legeza. Fanya vile mara 10. Rudia muchana na jioni, na kila mara ulipokaa muda murefu. Halafu simama mbele ya ukuta, muguu unaouma nyuma, kisigino chini, goti limenyoka. Egemea ukuta mpaka shavu la muguu livutike, uhesabu 30. Unaweza pia kuviringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo jioni.

Tena vaa kiatu chenye kisigino kidogo kilicho laini. Kipande cha godoro la zamani kilichokatwa kwa kipimo cha kisigino kinasaidia. Usitembee miguu tupu, hata ndani ya nyumba. Gawanya muzigo: bora safari mbili za kilo 20 kuliko moja ya kilo 40. Parasetamoli inaweza kupunguza maumivu, lakini haiponyeshi ukanda.

Sharti niseme kosa langu. Zamani, pahali pengine nilipofanya kazi, niliwapa wagonjwa wa namna hii sindano za penisilini, nikifikiri ni rumatizimu. Walilipa feza, na kisigino kikaendelea kuuma. Sindano ya kortizoni ndani ya kisigino inatuliza kwa majuma machache, lakini ikirudiwa inaweza kukata ukanda wenyewe. Kuchanja kisigino kwa wembe na kutia unga wa dawa ni vibaya zaidi, maana pepopunda inaingia kwa njia hiyo.

Muwe na uvumilivu. Wagonjwa 8 au 9 katika 10 wanapona bila kupasuliwa, lakini ni kwa miezi, hata mwaka. Yule mama alirudi mwezi wa nne, akitembea vema, ingawa siku za kubeba sana anasikia kidogo. Kizingiti kimejengwa tena. Nilimuomba aende mwenyewe kwa jirani na kusema mbele ya kaka zake kwamba kisigino kilikuwa kisigino tu. Alikwenda. Ule mupaka wa shamba wanabishana bado.

Lakini si kila kisigino ni ugonjwa huu. Kwanza tazama kama kuna funza au mwiba. Kisigino kikivimba na kuwa na moto, pamoja na homa. Kikiuma usiku mutu akiwa amelala. Kikianza baada ya kuanguka. Kikiuma kwa mutoto: njoo upesi. Na kama wayo umekufa ganzi, au una kidonda kisichouma, usifurahi kwamba hakiumi. Huko Oicha, pahali Daktari Carl Becker alipotunza wagonjwa wengi wa ukoma, miguu mingi iliharibika kwa sababu haikusikia maumivu tena. Ugonjwa wa sukari unaweza kufanya vile vile. Mutu wa namna hii asianze na mazoezi. Aje kwanza tutazame miguu yake yote miwili.