Siku 60: Mwongozo wa Kumhudumia Mwenye Uvimbe wa Titi

Mwongozo huu ni wa wauguzi na matabibu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya nchini Tanzania.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka uchunguzi wa titi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na zaidi ya asilimia 60 ya saratani zigundulike zikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa mezani kwako, si Ocean Road.

Mgonjwa anapofika
Mpime siku hiyohiyo, akiwa ameketi kisha akiwa amelala: matiti yote mawili, makwapa, na juu ya mtulinga. Tazama ngozi iliyovutwa au iliyofanana na ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani karibuni, na majimaji yenye damu. Usimtulize kwa kuwa haumwi; uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, ndiyo maana watu huishi nao miezi. Mwanamume mwenye uvimbe naye apimwe.

Vinundu vingi si saratani. Binti wa miaka 20 mwenye kinundu kinachoteleza chini ya vidole huenda ana fibroadenoma tu. Hata hivyo vidole havitoi hukumu: apigwe ultrasaundi, na aliyevuka miaka 40 apigwe mamografia inapopatikana. Anayenyonyesha mwenye titi jekundu apewe antibiotiki na tarehe ya kurudi. Wiki mbili zikipita bila nafuu, mpe rufaa, usimwandikie dozi nyingine.

Sampuli
Hapa ndipo siku nyingi hupotelea. Uvimbe usikatwe wote kabla ya kujulikana ni nini. Ianze biopsi ya sindano nene. Nyama ikishatolewa iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, nayo isikae humo zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa maabara. Ikichelewa, vipimo vya vipokezi vya homoni havitaaminika, na daktari hatajua kama tamoksifeni, kidonge kinachomezwa kwa miaka 5 au zaidi, kitamfaa.

Hofu ya kisu
Wapo wanaokimbia rufaa kwa kuamini kwamba lazima titi litolewe. Waeleze kuwa ugonjwa ukiwahiwa, baadhi yao huondolewa uvimbe peke yake, kisha hupigwa mionzi. Mionzi hiyo hutolewa katika miji michache, kwa wiki kadhaa. Basi muulize mapema kuhusu nauli na mahali pa kulala; mwenye kukosa vyote viwili anaweza kwa haki kabisa kuchagua upasuaji wa kutoa titi.

Kuwafikia wasio na dalili
Kampeni za Oktoba zina faida yake, ila hazitoshi. Anayekuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi au kufuata uzazi wa mpango apimwe na matiti, chumba kilekile, kabla hajavaa.

Daftari
Pamoja na vitabu vya MTUHA, fungua daftari moja la matiti: tarehe ya kufika, ya rufaa, ya sampuli, ya majibu, ya kuanza tiba. Andika namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu aliyemchagua mwenyewe, ambaye si lazima awe mume. Kila Ijumaa muuguzi mmoja apitie mistari ambayo haijajazwa na kupiga simu.