Mtungi Usiojaa: Mtikisiko na Kazi ya Misuli ya Bega

Huku kwetu mtaani vyuma vya mazoezi havinunuliwi. Mtu hutafuta makopo mawili makubwa ya mafuta ya kupikia, akayajaza saruji na kokoto, akachomeka bomba katikati, akangoja siku chache ikauke. Basi, keshapata jimu yake. Muhula wa pili nami nilikuwa na langu, na benchi langu lilikuwa fomu kuukuu la mbao, mguu mmoja umevunjika, tukautegemeza kwa tofali.

Fomu lenyewe liliyumba. Nikataka kulirekebisha, lakini vijana wakubwa wa hapo plotini wakanikataza. Eti, "Wacha litikisike! Likitikisika msuli unafanya kazi mara mbili." Nami nikaamini, maana vifua vyao vilikuwa kama milango. Jioni moja nikaongeza uzito, nikalala, nikasukuma. Mara ya nne fomu likainama, chuma likaelekea kushoto, nami nikalikimbilia kwa mkono mmoja. Kifua kilinusurika. Bega halikunusurika.

Huenda ukacheka, ila nyumbani hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niletaye maji alfajiri kabla ya kuja shule, mitungi minne, kwa sababu mama hupika chai na mandazi ya kuuza kando ya barabara. Kwa wiki tatu alichota mwenyewe. Siku nyingine chai ilichelewa na wateja wakaenda zao wakiwa na haraka ya kazi. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: je, ni kweli kwamba mtikisiko huongeza nguvu, au nilidanganywa?

Mwalimu wetu wa Baiolojia alichukua mpira wa tenisi na kisahani cha chai, akauweka mpira juu ya kisahani. "Hili ndilo bega," akasema. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo, na kishimo chake kwenye mfupa wa bega ni kifupi sana. Nyonga ina kikombe kirefu, ndiyo maana haitoki ovyo. Bega limeachiwa uhuru wa kuzunguka kila upande, na bei ya uhuru huo ni kwamba misuli ndiyo inayolishikilia. Kuna misuli minne midogo inayouzunguka ule mviringo na kuukaza usiteleze. Misuli mikubwa, yaani ya kifua na ya juu ya bega, ndiyo inayosukuma mzigo. Ile midogo kazi yake kubwa ni kulinda mahali.

Sasa tazama yatokeayo mzigo ukiyumba. Ubongo haujui chuma litaelekea wapi, basi unaamrisha misuli ya mbele na ya nyuma ikaze kwa pamoja. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba: timu zote mbili zinatoka jasho, mishipa imewasimama, lakini kamba iko palepale. Msuli umefanya kazi, naam, ila sehemu ya kazi hiyo imekwenda kwa kushikilia wala si kwa kusukuma.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Kanada, Anderson na Behm, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwalaza watu mahali imara wakawaambia wasukume kwa nguvu zote, kisha wakawalaza juu ya mpira mkubwa wa mazoezi wasukume tena. Juu ya mpira nguvu iliyotoka ilipungua kwa karibu asilimia 60. Lakini vifaa vya kupima umeme wa misuli vilionyesha kwamba misuli ilikuwa na shughuli ileile! Hebu fikiria hayo. Juhudi ni ileile, mzigo ni mdogo. Kumbe vijana wa plotini walikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniumiza: msuli ulikuwa ukichoka kweli, nami nikadhani ninaweza kuongeza saruji.

Jaribio jingine, la mwaka 2011, lilifanywa na Saeterbakken na wenzake wa Norwe, nalo lilinifurahisha zaidi. Walilinganisha chuma kimoja kirefu kinachoshikwa kwa mikono miwili na dambeli, yaani vyuma viwili vifupi, kila mkono na chake. Kwa dambeli watu waliweza uzito uliopungua kwa asilimia 17. Msuli wa kifua haukutofautiana. Ila msuli wa mbele wa mkono, ule tunaoonyeshana darasani mwalimu akitoka, ulifanya kazi zaidi, na ule wa nyuma ya mkono ukafanya kazi kidogo. Nilikaa na jambo hili siku mbili. Nionavyo mimi, ukishika chuma kirefu unaweza kukisukuma juu na pia kukivuta kuelekea nje, nacho hakiendi popote kwa kuwa ni kimoja. Ukifanya hivyo na dambeli, mikono itafunguka kama mbawa! Kwa hiyo msuli wa nyuma unajizuia, na wa mbele unauzuia mkono usifunguke.

Bega lilipopona nilijaribu mwenyewe. Sakafuni nilipiga presapu 31. Baada ya kupumzika vya kutosha, nikaweka viganja juu ya mpira wa kikapu. Nilifika 12, na tumbo lilikuwa likitetemeka kuliko mikono. Tumbo na mgongo ndivyo vinavyozuia kiwiliwili kisipinduke, na siku ya pili yake nilivisikia vyote viwili nilipoinama kufunga viatu.

Mtungi nao ulinifunza. Lita 20 za maji ni kilo 20. Ungedhani kubeba lita 12 ndani ya mtungi huohuo ni starehe, lakini maji yana nafasi ya kukimbia huku na huku, na kila hatua bega linavutwa upya. Mtungi uliojaa pomoni ni mzito ila umetulia. Mimi bado hujaza lita 12 kila mkono kwa safari ya kwanza, kwa makusudi, maana ni zoezi zuri na mzigo ni mwepesi. Tatu zinazofuata ni za kujaza pomoni. Kuchanganya vyote viwili, mzigo mkubwa na mtikisiko mkubwa, sifanyi tena, hata nikiitwa mwoga.

Fomu nimelipigilia mguu mpya. Wale vijana bado wanasukuma yao juu ya matofali yanayoyumba, na mmoja ameanza kulishika bega lake la kulia akidhani hatumwoni. Nilimweleza habari ya kisahani, akaniambia niende nikasome.

Mpira niliotumia ni wa timu yetu ya kikapu, na nahodha ameshajua nani aliuchukua. Atakayetaka kujaribu aje na wake.