Bakuli la Mti Uchukiwao

Huko Garissa, kando ya mto Tana, hapana mti ulaumiwao kama mathenge. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Uliletwa Kenya mwaka 1973, ukapandwa katika machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, kisha ukapelekwa nchi kavu ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukaenea kupita kiasi, ukaziba njia za mifugo, na mwaka 2008 Serikali ikautangaza kuwa gugu lenye madhara. Walakini fundi aupasuaye huona jambo asilolitazamia: kiini chake ni chekundu kama udongo, kigumu, kizito, nacho hung'aa kikisuguliwa.

Kuchonga vyombo si kazi ngeni kwa wafugaji wa huko. Tangu zamani Wasomali huchonga bakuli la mti liitwalo xeero, na vyombo vya maziwa hufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi. Kukereza, yaani kuchonga mti uzungukao juu ya kerezo, ni ufundi uliojulikana zaidi Lamu, ambako miguu ya vitanda ilikerezwa na kutiwa rangi.

Adui mkubwa wa mkereza huko Garissa ni joto na upepo mkavu. Gogo bichi likiachwa juani hukauka nje kabla ya ndani. Nje husinyaa, ndani hukataa, ufa ukatokea na kazi yote ikapotea. Hapa mathenge una fadhila kubwa, maana husinyaa kidogo kuliko miti mingi, tena karibu sawasawa kila upande, hata bakuli halipindiki sana likawa na umbo la yai. Lakini fadhila hiyo haimwondolei fundi uangalifu.

Yafaa achague shina nene lililonyoka, jambo lisilo rahisi, kwani mathenge mara nyingi ni kichaka cha vijiti vilivyosokotana. Siku ile ile ya kukata, ncha za gogo zipakwe nta au rangi. Kisha lipasuliwe katikati na moyo wa shina uondolewe kabisa, kwa sababu nyufa nyingi huanzia hapo. Bakuli hukerezwa kwanza likiwa bichi, na ukuta wake uachwe mnene, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 20 lipewe sentimita 2. Lifunikwe kwa maranda kivulini miezi kadhaa, likipimwa kwa mizani kila juma. Uzito usipopungua tena, limekauka. Ndipo likerezwe mara ya pili, lipigwe msasa na kupakwa nta ya nyuki.

Chombo chenye tumbo pana na mdomo mwembamba ni kigumu zaidi, maana jicho halioni ndani. Hutobolewa kwanza kwa keekee iliyotiwa alama ya kina, kisha tumbo hupanuliwa kidogo kidogo, na kerezo husimamishwa mara kwa mara ili ukuta upimwe. Wengi hukitoboa mwishoni kwa tamaa ya wembamba.

Vumbi la mathenge huwasha; fundi na afunge kitambaa puani. Miiba yake nayo huacha jeraha lenye kuvimba. Kisiki kikatwe chini ya ardhi, la sivyo kitachipua mashina mengi kuliko yaliyokatwa.