Kombe: Kuchimba, Kupika na Kula Salama

Bamvua likiingia, maji ya Ghuba ya Menai kusini mwa Unguja hupwa mbali sana. Kufika saa nne za asubuhi mchanga umeanikwa, na akina mama wa Fumba, Bweleo na Unguja Ukuu wameshashuka pwani na ndoo zao, watoto nyuma. Kombe ni kitoweo kizuri, chenye protini na madini ya chuma, na hakuna anayekilipia. Tunataka familia ziendelee kukila, bila kuugua.

Uchimbe wapi?

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kombe hafuati chakula. Amejifukia mchangani, anavuta maji ndani ya ganda, anachuja kilichomo, kisha anayatoa. Maji yakiwa na kinyesi, vijidudu vya kipindupindu au virusi vya homa ya ini A hubaki mwilini mwake, nasi humla pamoja na utumbo wake. Basi usichimbe karibu na mabomba ya maji machafu, bandarini, wanapojisaidia watu, wala kwenye midomo ya mito ipitayo mijini, kama Msimbazi kule Dar es Salaam. Mvua kubwa ya masika ikipiga, acha siku kadhaa zipite, kwani uchafu wa nchi kavu wote huteremka baharini.

Usitegemee kwamba moto utasafisha kila kitu. Risasi na zebaki haziungui. Vilevile, kuna viumbe vidogo vya baharini vinavyotengeneza sumu ambayo haiishi hata ukichemsha kutwa, na kombe mwenye sumu hiyo hana harufu wala ladha ya kumtambulisha. Bahari ikigeuka nyekundu au kahawia, au samaki wakielea wamekufa, usichimbe. Mwulize afisa uvuvi.

Mkiwa pwani

Vaeni viatu, na mtembee kwa kuburuta miguu ili taa aliyejifukia akimbie. Aliyechomwa na mwiba wake atumbukize mguu katika maji ya moto anayoyaweza, mtu mwingine akiyapima kwanza kwa mkono, kisha apelekwe kituo cha afya. Mtu mzima mmoja asichimbe kabisa: kazi yake iwe kuangalia watoto na maji yanayojaa. Kombe wadogo waacheni wakue.

Jikoni

Kombe aliyeachama mgonge ganda. Akifunga, yu hai. Asipofunga, mtupe, na waliovunjika pia. Wafunike kwa gunia bichi kivulini. Kuwaloweka saa chache katika maji safi ya bahari huwatoa mchanga, lakini virusi hubaki.

Chemsha maji kwanza, ndipo utie kombe, sufuria isijae sana. Maganda yakifunguka, wapishi wengi huepua hapo hapo wakiogopa nyama kukakamaa. Usiepue. Acha yatokote dakika 5 zaidi, kwa sababu virusi vya homa ya ini A hufa nyama ikifika nyuzi joto 90 hadi ndani na kukaa hapo sekunde 90. Asiyefunguka mtupe. Baada ya hapo chambua, suuza mchanga kwa maji yaliyochemshwa, kisha unga kwa tui, kitunguu na bizari upendavyo. Ndimu na pilipili ni za ladha. Usizitegemee kuua vijidudu, hata zikikaa usiku kucha.

Mtu akiugua

Anayeharisha au kutapika aanzishiwe maji ya ORS mara moja. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14, kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Harisho jeupe kama maji ya mchele ni la kumkimbiza hospitali. Midomo au vidole vikifa ganzi, au pumzi ikiwa nzito, saa chache baada ya kula, msisubiri hata kidogo: sumu ile isiyoisha kwa kuchemsha huweza kuzuia kupumua.

Homa ya ini A huchelewa, wiki 2 hadi 7. Macho yakiwa ya manjano na mkojo mweusi, mwambieni daktari kwamba mlikula kombe, na mlichimba wapi.