Hewa Ikibanwa: Sayansi ya Peugeot ya Dizeli

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini kwa nguvu, haraka haraka, mpaka kidole kishindwe kuzuia. Sasa shika pampu yenyewe. Ina joto. Wengi husema ni msuguano wa ile ngozi ya ndani, na kweli msuguano una sehemu yake. Lakini papasa vizuri zaidi: joto limejaa upande wa chini, pale palipozibwa, wala si katikati ambako ngozi hupita na kurudi muda wote. Kilichopata joto kwanza ni hewa yenyewe, kwa sababu imebanwa.

Jambo hilo moja likikuingia vizuri, unaweza kuifahamu injini ya dizeli ya kale kuanzia mlio wake wa asubuhi mpaka moshi wake wa mlimani. Nalisema kwa watu wa Kitui na Makueni hasa, kwa maana magari hayo tumeishi nayo. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikaja kuunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na ile stesheni wegoni yenye safu tatu za viti ikawa gari la kila shughuli ya ukoo: masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, magunia ya maembe ya Makueni, jeneza juu ya keria, bibi harusi na wapambe wake. Nyingine zilikuwa matatu, zikipakia Machakos na kushusha Kitui. Jina la Peugeot lilikuwa limekuzwa na mashindano ya Safari Rally, ambayo Ove Andersson aliyashinda kwa 504 mwaka 1975 na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Magari yale ya mashindano yalikuwa ya petroli. Lakini mzee wa kijijini aliyehesabu matumizi yake kwa lita alitafuta ya dizeli, kwanza ya lita 2.1, baadaye ya lita 2.3.

Ya kwetu ilikuwa ya dizeli. Ililala ikielekezwa mteremkoni kila usiku, jiwe chini ya gurudumu, ili betri ikikataa mtu aondoe jiwe tu.

Turudi kwenye hewa. Hewa ni chembe nyingi mno zisizotulia, molekuli za naitrojeni na oksijeni zinazokimbia huku na huku na kugonga kila ukuta. Tunachokiita halijoto ni kipimo cha mwendo wa chembe hizo. Chembe ikigonga ukuta uliotulia hurudi kwa kasi ileile iliyokuja nayo. Ikigonga ukuta unaoijia, hurudi na kasi kubwa zaidi, maana ukuta umeisukuma. Pistoni inayopanda ndani ya silinda ni ukuta unaozijia chembe. Kila inayoigusa huondoka na kasi ya ziada, huzigawia nyingine kwa kugongana nazo, na hewa yote inapanda joto. Hakuna kilichowaka bado. Kazi ya kusukuma ndiyo imegeuka joto.

Ni joto kiasi gani? Injini za dizeli za 504 hubana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja kati ya 22 za ujazo wake wa mwanzo. Tuseme hewa imeingia ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi. Kwa hesabu hii ni lazima tuanzie kwenye baridi kamili, kwa kipimo cha Kelvin, na hapo nyuzi 30 zinakuwa 303. Ukibana hewa kiasi hicho, na ukiondoa joto linalopotelea kwenye kuta za silinda, namba hiyo huzidishwa karibu mara tatu. Unapata Kelvin 900 hivi, yaani zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Dizeli hujiwasha yenyewe hewani kwenye nyuzi 250 hivi. Basi kazi iliyobaki ni kunyunyizia mafuta kwa wakati ufaao, na yatawaka bila plagi wala cheche.

Mtu aliyeifuata hoja hii mpaka mwisho ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Aliomba hataza mwaka 1892, na mwaka 1897 huko Augsburg injini yake ilipimwa ikaonekana kugeuza kama robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati injini nyingi za mvuke za siku zile ziliambulia sehemu ya kumi au chini yake. Ilichukua miaka mingi mashine hiyo kupunguzwa ikaingia kwenye gari la familia: Mercedes waliuza 260 D mwaka 1936, na Peugeot wakatia dizeli kwenye 403 mwaka 1959.

Sasa angalia hesabu ile ya Kelvin inavyoeleza asubuhi zetu. Kibwezi, hata alfajiri, hewa huwa na joto lake. Kule juu Mbooni, Julai, ukungu ukiwa umelala kwenye vilima, hewa inaweza kuwa na nyuzi 12 tu. Ukilinganisha na zile nyuzi 30 za hesabu yetu, pengo la mwanzo ni nyuzi 18. Lakini kubana huzidisha mara tatu, kwa hiyo pengo la mwisho ni zaidi ya nyuzi 50. Ongeza kwamba starta iliyozubaa kwa baridi huizungusha injini polepole, na kadiri pistoni inavyopanda taratibu ndivyo chuma baridi kinavyopata nafasi ya kuinyang'anya hewa joto lake. Isitoshe, injini hizi hazinyunyizii mafuta juu ya pistoni moja kwa moja. Huyanyunyizia kwenye chumba kidogo kilichochongwa kichwani mwa injini, na chumba hicho kina kuta nyingi ukilinganisha na hewa yake. Ndiyo sababu kila silinda ikapewa hita plagi, kijiti kinachoiva kwa umeme wa betri kabla hujapiga starta. Haiwashi mafuta kila mzunguko kama plagi ya petroli. Hufidia joto lililoibwa na baridi, na injini ikishashika huwa imemaliza kazi yake. Ule mteremko wetu ulifaa siku za joto. Siku ya ukungu uliishia bondeni gari likiwa kimya, na watu wakashuka kusukuma.

Kishindo cha gari hili pia kina maelezo. Mafuta yakinyunyiziwa hayawaki papo hapo. Matone yanahitaji sehemu ndogo sana ya sekunde kugeuka mvuke na kushika joto. Katika muda huo pampu inaendelea kuleta mengine. Moto ukishika, yote yaliyokusanyika huwaka kwa mpigo, na hicho ndicho kishindo unachokisikia. Injini baridi huchelewesha moto, mafuta yanayokusanyika yanakuwa mengi, mlio unakuwa mkali. Ikipata joto, hutulia. Watoto wa jirani zetu walijua tunasafiri kabla geti halijafunguliwa.

Na uzito wa gari hili upande wa mbele? Pistoni ya injini ya lita 2.3 ina kipenyo cha milimita 94, yaani eneo la karibu sentimita 69 za mraba. Moto ukishika, shinikizo linaweza kufikia kilo 60 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha: zaidi ya tani nne juu ya pistoni moja, ni kama kuitwika magunia 45 ya mahindi ya kilo 90, mara nyingi kila sekunde. Chuma chembamba hakiwezi. Wahandisi walilazimika kutia bloku nene na fitokombo nzito, na vyuma vizito havipendi kuzungushwa haraka. Mafuta yenyewe nayo yanahitaji muda wa kuchanganyika na hewa. Hivyo unapata nguvu za farasi 70 tu kwa gari lililobeba watu wanane, na vilevile unapata injini iliyojengwa kwa ajili ya mateso ambayo dereva mtulivu hailetei mara kwa mara. Naamini maisha marefu ya injini hizi yanatoka hapo kuliko kwenye bahati au dua.

Kuhusu kula mafuta kidogo, kiini ni kilekile cha kubana. Gesi iliyoshindiliwa mara 22 hupata pia nafasi ya kutanuka mara 22 wakati ikiisukuma pistoni. Kadiri inavyotanuka ndivyo inavyopoa, na joto inalopoteza ndilo linalogeuka kuwa mwendo. Petroli ya 504 ilibanwa mara 8 na kitu tu, hivyo gesi yake hutupwa nje ingali na joto jingi ambalo mwenye gari amelilipia. Tena lita ya dizeli, kwa kuwa ni nzito, ina nishati inayozidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10.

Moshi mweusi ni habari nyingine, nami sitaki kuufunika kwa mapenzi. Gari liliunganishwa Mombasa, kando ya bahari. Kitui mjini ni mita 1,100 hivi juu yake, na hewa huko imepungua kwa zaidi ya sehemu ya kumi. Vilima vya Mbooni hupita mita 1,700, na upungufu unakaribia moja ya tano. Pampu ya kale haina habari hiyo. Mguu ukikanyaga, inaleta mafuta yaleyale, oksijeni haitoshi, na kaboni isiyopata mwenza inatoka kama masizi. Kisha akaja fundi na bisibisi, akamwambia mwenye gari kwamba ataliongezea nguvu kwa kufungulia pampu ilete mafuta mengi zaidi. Nguvu inaongezeka kidogo, moshi unaongezeka sana, na vichwa vya pistoni vinaungua. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Fundi anayefungulia pampu kwenye gari la familia amefanya vibaya.

Lakini mafundi wetu walijua mengi. Zamani, kabla lami haijafika kwenye barabara ya Kibwezi, Ikutha, Mutomo mpaka Kitui, dizeli ilituishia karibu na Mto Athi. Mafuta yakaletwa kwa mtungi, yakamiminwa, na gari likakataa kabisa. Fundi aliyekuja kwa baiskeli akamwambia baba, "Mzee, usipige starta tena, utamaliza betri bure." Akalegeza nati kwenye chujio, akaanza kubonyeza pampu ndogo ya mkono. Kwanza likatoka povu jeupe likichemka kwenye uzi wa nati. Akaendelea. Povu likawa mapovu machache, kisha mafuta mazima yenye rangi ya chai ya rangi, bila kipovu hata kimoja. Akakaza. Akahamia kwenye nozeli, ile midomo inayonyunyizia mafuta, akalegeza nati zake moja moja, akamwomba baba apige kidogo, akakaza. Gari likawaka.

Sababu ya gari kukataa ni hii: nozeli hufunguka shinikizo likizidi angahewa 100. Mafuta hayabaniki kirahisi, kwa hiyo pampu ikisukuma upande mmoja, nozeli huhisi upande wa pili. Hewa inabanika. Kipovu kikiingia kwenye bomba, pampu husukuma, kipovu hujikunyata, na shinikizo haliwahi kufika. Ile tabia ya hewa inayowasha moto ndani ya silinda ndiyo inayozima kila kitu ikiingia kwenye bomba la mafuta.

Kinachoua injini hizi kwetu ni vumbi. Mchanga wetu una chembe ngumu kuliko chuma cha silinda. Chujio la hewa likiachwa, chembe hizo huingia, zikasaga ringi na kuta, na hewa inayobanwa ikapata mwanya wa kushuka chini. Hewa ikivuja haifiki nyuzi 600. Mwenye gari huona tu kwamba siku hizi linasumbua kuwaka asubuhi, na hununua betri mpya. Tatizo haliko kwenye betri.

Adui wa pili ni mafuta ya taa. Vipande vya ndani ya pampu hupishana kwa nafasi ya maikroni chache, wakati unywele wa mtu una maikroni 70 hivi, na kinacholainisha vipande hivyo ni dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vya kutosha. Wauzaji waliyachanganya kwa faida mpaka serikali, mwaka 2018, ikayatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia mchezo huo. Dizeli yenye salfa kidogo iliyoanza kuuzwa nchini mwaka 2015 ni nafuu kwa mapafu yetu, ingawa pampu kongwe sharti ipate mafuta safi yasiyochanganywa ili idumu.

Kama kwenu bado ipo 504 moja ya dizeli chini ya mwembe, usiwauzie watu wa vyuma chakavu kabla ya kumlipa fundi apime mbano wa kila silinda. Zote nne zikikaribiana na zikiwa na nguvu, injini ni nzima: badilisha hita plagi, safisha chujio, peleka pampu kwa fundi wa pampu aliye na mashine ya kupimia. Zikipishana sana, ringi zimekwisha, na hapo uamuzi ni wa mfuko wako. Na ikiwa inatoa moshi mweusi kila ikipanda mlima, irekebishe mwezi huu, kwa sababu watoto wanaotembea kwenda shule kando ya barabara ndio wanaouvuta.