Umbo la Dawa ni Sehemu ya Maagizo: Utoaji Salama wa Dawa Wodini na Nyumbani

Utangulizi

Kila muuguzi hufundishwa kanuni tano za utoaji wa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Kanuni hizi ni msingi imara, lakini ndani yake mna jambo ambalo mara nyingi halitajwi kwa jina, nalo ni umbo la dawa. Daktari anapoandika kidonge, dawa ya maji, sindano ya msuli au tone la jicho, hachagui tu namna ya kuifikisha dawa kwa mgonjwa. Anachagua pia kasi ya dawa kuingia mwilini, mahali itakapoanza kufanya kazi na muda itakaodumu. Anayelibadili umbo hilo bila kuuliza amebadili tiba yenyewe, hata kama jina la dawa na miligramu zake hazijabadilika.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kimataifa wa kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukika. Sehemu ya madhara hayo hutokea katika hatua ya mwisho kabisa, pale dawa inapotoka mkononi mwa mtoa huduma au mzazi na kuingia mwilini mwa mgonjwa. Makala haya yanaeleza jinsi umbo la dawa linavyoongoza hatua hiyo, na tahadhari ambazo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kuzichukua.

Kwa nini dawa moja huwa na maumbo mengi

Kidonge kinachomezwa huyeyuka tumboni, hufyonzwa na utumbo, kisha hupita kwenye ini kabla ya kuenea mwilini. Sehemu fulani ya dawa hupotea katika safari hiyo. Sindano ya mshipa huikwepa safari yote na kuingia katika damu papo hapo. Ndiyo maana kipimo cha morfini ya kumeza huwa takriban mara tatu ya kile cha sindano ili kupata nguvu ileile ya kutuliza maumivu. Mgonjwa anapohamishwa kutoka vidonge kwenda sindano, kipimo cha awali hakinakiliwi tu katika karatasi mpya. Ni lazima kikokotolewe upya na mwenye dhamana ya kuandika dawa.

Sababu nyingine ni umri na hali ya mgonjwa. Mtoto wa miezi minane hawezi kumeza kidonge cha mtu mzima, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa hata na maji. Kwa watu kama hawa yametengenezwa maumbo maalumu, kama vile vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji kidogo safi. Vidonge vya namna hii vipo kwa amoksisilini, kwa zinki ya kutibu kuhara na kwa dawa mseto ya malaria.

Vidonge na kapsuli: si kila kinachosagika kinasagwa

Katika wodi nyingi, mgonjwa asiyeweza kumeza husagiwa vidonge vyake na kupewa kupitia mrija wa kulishia unaopita puani. Nyumbani, mama humsagia mtoto kidonge kati ya vijiko viwili. Kwa vidonge vya kawaida visivyo na gamba maalumu, jambo hili linaweza kukubalika baada ya kumuuliza mfamasia. Hata hivyo, kuna makundi ambayo hayapaswi kusagwa wala kutafunwa.

Kundi la kwanza ni vidonge vinavyoachia dawa polepole. Kidonge cha nifedipini cha aina hii kimeundwa ili kishushe shinikizo la damu kwa utaratibu, kwa saa nyingi. Kikisagwa, dawa iliyokusudiwa kutumika nusu siku au siku nzima huachiliwa kwa mkupuo. Shinikizo linaweza kuporomoka ghafla, na ubongo na moyo vikakosa damu ya kutosha. Hatari ni kubwa zaidi kwa vidonge vya morfini vinavyoachia polepole, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Mgonjwa wa namna hiyo akishindwa kumeza, ufumbuzi ni kumwomba daktari ampangie upya morfini ya maji, ambayo hutolewa kwa vipimo vidogo vya mara kwa mara.

Kundi la pili ni dawa zenye gamba linalostahimili asidi ya tumbo. Omeprazoli huharibiwa na asidi hiyo, hivyo punje zake hufunikwa ili zifike salama katika utumbo. Kapsuli yake yaweza kufunguliwa na punje zikamezwa nzima pamoja na kitu laini kama mtindi, lakini punje zenyewe zikisagwa tiba inapotea. Kwa diklofenaki, gamba kama hilo hulilinda tumbo dhidi ya dawa.

Kundi la tatu ni dawa ambazo vumbi lake ni hatari kwa anayezisaga, hususan dawa za saratani na methotreksati. Hapa anayelindwa ni muuguzi mwenyewe na ndugu anayemhudumia mgonjwa, hasa akiwa mjamzito.

Inapobidi dawa ipite mrijani, umbo la maji ndilo la kutafutwa kwanza. Kila dawa hutolewa peke yake, mrija husafishwa kwa maji kabla na baada, na dawa haichanganywi katika uji wa chupa nzima, kwani mgonjwa asipoumaliza hakuna atakayejua amepata kiasi gani.

Dawa za maji: mililita si miligramu

Kosa kubwa katika dawa za maji hutokana na kusahau kwamba chupa mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti. Tuchukue mtoto mwenye uzito wa kilo 10 aliyeandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 150. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5, sawa na miligramu 24 kwa mililita moja. Mtoto huyu atahitaji takriban mililita 6. Yapo pia matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika mililita moja tu. Hapo mtoto yuleyule atahitaji mililita 1.5. Mzazi aliyezoea mililita 6 akipewa matone bila maelezo, atampa mtoto miligramu 600, mara nne ya kipimo, na kurudia hivyo kwa siku kadhaa kunaweza kuliharibu ini.

Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo, kwa kuwa vijiko hutofautiana ukubwa. Tumia kikombe au bomba lililokuja na dawa, au bomba la sindano lisilo na sindano.

Dawa za unga zinazochanganywa na maji, kama amoksisilini ya watoto, zijazwe maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi kwenye alama ya chupa. Maji yakipungua, dawa inakuwa kali. Yakizidi, inakuwa hafifu. Chupa itikiswe kila mara kabla ya kupima, la sivyo mtoto atakunywa maji siku za mwanzo na mashapo yenye dawa nyingi siku za mwisho. Tarehe ya kuchanganya iandikwe kwenye chupa, na masalia yatupwe muda ulioelekezwa ukiisha.

Sindano: sura ya dawa huonyesha njia yake

Benzathini penisilini, inayotumika kutibu kaswende na kuzuia kurudi kwa homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo, huonekana nyeupe kama maziwa baada ya kuchanganywa. Weupe huo ni chembe zisizoyeyuka, zilizokusudiwa kukaa ndani ya msuli na kuachia dawa kwa wiki kadhaa. Ikiingia katika mshipa, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo hutolewa ndani kabisa ya msuli, na baada ya kuchoma, kishikio cha bomba huvutwa nyuma kidogo ili kuhakikisha hakuna damu.

Seftriaksoni nayo hufundisha somo hilihili. Ikiyeyushwa kwa lidokaini ili kupunguza maumivu ya sindano ya msuli, mchanganyiko huo hauruhusiwi tena kuingia katika mshipa. Aidha, kwa mtoto mchanga seftriaksoni haipaswi kukutana na dripu yenye kalsiamu, kama Ringer, kwa kuwa hufanya chembe ngumu zinazoweza kuua.

Artesuneti ya malaria kali inahitaji umakini wa pekee. Kichupa cha miligramu 60 cha aina iliyozoeleka huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti. Kwa njia ya mshipa huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi au ya glukosi, na kila mililita huwa na miligramu 10. Kwa njia ya msuli huongezwa mililita 2, na kila mililita huwa na miligramu 20. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani miligramu 42: mililita 4.2 kwa mshipa, au 2.1 kwa msuli. Muuguzi akivuta mililita 2.1 kutoka katika mchanganyiko wa mshipa, mtoto atapata nusu ya dozi wakati anapigania uhai. Aina nyingine huja na kiyeyushi tofauti, hivyo maelezo ya kisanduku yasomwe kila mara. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja.

Kloraidi ya potasiamu iliyokolea haisukumwi kamwe moja kwa moja katika mshipa. Huchanganywa katika dripu, mfuko ukageuzwageuzwa ili dawa ienee, kisha ikapita polepole. Mahali salama pa kuihifadhi ni mbali na ampuli nyingine zinazofanana nayo.

Insulini hupimwa kwa yuniti na kwa bomba lake tu. Katika chupa yenye yuniti 100 kwa mililita, yuniti 10 ni sehemu ya kumi ya mililita moja. Bomba la kawaida hukaribisha kosa la mara kumi. Neno «yuniti» liandikwe kwa ukamilifu, kwani kifupisho cha herufi moja huweza kusomeka kama sifuri.

Dawa zisizomezwa

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya kupata taarifa, kutoka nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara, za watoto wachanga na watu wengine kuumia macho. Dawa ya kupaka kitovu, klorheksidini ya asilimia 7.1, ilikuwa imetiwa machoni kwa sababu kichupa chake kilifanana na cha dawa ya macho. Mama anapokabidhiwa dawa hii aambiwe wazi, na aonyeshwe kwa kidole, kwamba ni ya kitovu tu. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na mtoto apelekwe hospitali.

Vivyo hivyo, kidonge cha klotrimazoli cha kuwekwa ukeni huweza kumezwa na mgonjwa aliyeambiwa tu «kidonge kimoja usiku». Bahasha iliyoandikwa 1×1 au 1×3 inaeleza idadi, haielezi njia. Njia iandikwe kwa maneno: kumeza, kuweka ukeni, kuweka njia ya haja kubwa, kudondosha jichoni.

Hatua za kufuata wodini

1. Soma lebo mara tatu: unapoichukua dawa, unapoiandaa na kabla ya kumpa mgonjwa.
2. Linganisha umbo lililoandikwa na umbo ulilonalo mkononi. Yakitofautiana, simama na uulize.
3. Mwulize mgonjwa, «Jina lako kamili ni nani?» Usimwulize, «Wewe ndiye fulani?», kwa kuwa mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Uliza pia kuhusu mzio.
4. Usisage, usifungue wala usichanganye dawa bila ushauri wa mfamasia.
5. Hesabu za watoto na za dawa hatarishi zihakikiwe na mtu wa pili, anayekokotoa mwenyewe bila kuonyeshwa jibu.
6. Kaa na mgonjwa mpaka ameze. Usimwachie dawa kabatini.
7. Andika baada ya kutoa, si kabla.

Kwa mgonjwa na familia

Kabla ya kuondoka dirisha la dawa, uliza mambo manne: Dawa hii inapita wapi? Naweza kuivunja au kuisaga? Nipime kwa kifaa gani? Niihifadhi wapi na kwa muda gani? Ukishindwa kumeza, sema mapema. Usiache dawa kimya kimya. Wala usidai sindano kwa kudhani ina nguvu kuliko kidonge. Kwa magonjwa mengi kidonge kinatosha, na hakina hatari ya jipu wala ya kuumiza neva.

Hitimisho

Wengi wanaosaga vidonge visivyosagwa hufanya hivyo kwa nia njema, kwa kuwa umbo linalofaa halipo zamu hiyo na mgonjwa hawezi kusubiri. Kwa hiyo tiba ya tatizo hili haiwezi kuwa kumlaumu muuguzi peke yake. Kila wodi iwe na orodha fupi ya dawa zisizosagwa, iliyobandikwa kwenye toroli la dawa. Mfamasia apatikane kwa ushauri. Na maumbo ya watoto na ya maji yaagizwe kabla hayajaisha. Muuguzi anayesema, «Sitatoa dawa hii mpaka tuulize,» anatimiza wajibu wake wa kitaaluma, na daktari anayeitwa kwa sababu hiyo anapaswa kumjibu kwa heshima.